Superman IV (1987): maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwendelezo uliowaangusha mashabiki

Picha ya kwanza ya Superman ilitoka Desemba 1978, na mpaka leo wapenzi wa filamu za mashujaa wanazipimia nyingine kwa hiyo. Ya nne, Superman IV: The Quest for Peace, ilitoka Marekani Julai 24, 1987. Steringi alikuwa yule yule, Christopher Reeve. Lois Lane, mwandishi wa habari anayempenda Superman, alikuwa yule yule, Margot Kidder. Na Gene Hackman alikuwa amerudi kama Lex Luthor, adui wa Superman. Watu waliingia wakitarajia utamu wa mwanzo, wakatoka wameinamisha vichwa. Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudi kila picha hii inapotajwa. Sisi tunaipenda ile ya kwanza kiasi kwamba hatupendi hii ya nne itukanwe ovyo. Makosa yake yana sababu, na sababu zenyewe zinajulikana.

Iliharibikia wapi, kwa kifupi?

Kwenye fungu la pesa. Matayarisho yalipangwa kwa bajeti ya takriban dola milioni 36. Siku za kuwasha kamera zilipokaribia, bajeti ikashushwa hadi kama milioni 17. Skripti haikupunguzwa kwa kiasi hicho: vita vya angani vilibaki, volkano ilibaki, Sanamu ya Uhuru kubebwa juu ya jiji ilibaki, mapigano ya mwezini yalibaki. Kila tukio lililostahili wiki likapewa siku. Halafu picha ilipokuwa imeshaunganishwa, karibu dakika 45 zikakatwa na kuwekwa kando.

Inahusu nini hasa?

Clark Kent, ambaye ndiye Superman akiwa amejificha kama mtu wa kawaida, anarudi Smallville alikokulia kuuza shamba la wazazi waliomlea, na anakataa kumuuzia mtu anayetaka kujenga maduka pale. Ghalani, ndani ya chombo kilichomleta duniani, anakuta jiwe la kijani lenye nguvu ya mwisho ya kwao Krypton. Mjini nako gazeti analofanyia kazi, Daily Planet, limenunuliwa na David Warfield, tajiri wa magazeti ya udaku, ambaye anamweka binti yake Lacy aliendeshe. Mazungumzo ya silaha kati ya mataifa makubwa yanavunjika, na mwanafunzi aitwaye Jeremy anamwandikia Superman barua akimwomba aziondoe silaha za nyuklia. Superman anasita, maana wazee wa Krypton wanamkataza kuingilia mambo ya binadamu. Mwisho anakwenda Umoja wa Mataifa na kutangaza kuwa atazifuta zote. Makombora yanarushwa angani, anayakusanya kwenye wavu mmoja mkubwa, anauzungusha na kuutupa juani.

Lex Luthor naye ametoroka kazi ngumu machimboni kwa msaada wa Lenny, mtoto wa ndugu yake. Wanaiba unywele wa Superman kwenye jumba la makumbusho, ulikowekwa uning'inize tufe la ratili 1,000, yaani kilo 450 hivi, ili watu waone nguvu zake. Unywele ule unakuwa mbegu, mbegu inafichwa kwenye kombora, na Superman mwenyewe analitupa kombora lile juani bila kujua. Humo ndani ya moto anazaliwa Nuclear Man. Anamkwaruza Superman kwa kucha, Superman anaugua nusura afe, jiwe la kijani linamwinua, na adui anaishia ndani ya mtambo wa kuzalisha umeme wa nyuklia.

Cannon walikuwa kina nani, na walimpataje Superman?

Picha tatu za mwanzo zilitayarishwa na Alexander Salkind, mwanawe Ilya, na Pierre Spengler. Ya tatu, ya mwaka 1983, iliingiza kama dola milioni 60 Marekani, wakati ya pili ilikuwa imeingiza kama milioni 108. Supergirl ya 1984 ikafanya vibaya zaidi. Mwaka 1985 akina Salkind wakauza haki za Superman kwa kampuni ya Cannon, bei dola milioni 5.

Cannon iliongozwa na binamu wawili kutoka Israeli, Menahem Golan na Yoram Globus, walioichukua mwaka 1979. Kazi yao ilikuwa picha za ngumi na bunduki zinazotengenezwa haraka kwa pesa chache, zile za Chuck Norris na Charles Bronson ambazo waliokulia enzi za mikanda ya video wanazijua vizuri. Kwa picha za aina hiyo mtindo wao ulilipa. Mwigizaji anapiga teke, gari linalipuka, kesho mnahamia eneo jingine. Mtu anayeruka angani hatengenezwi hivyo.

Reeve alikubalije kurudi, wakati alikuwa ameshachoshwa na joho?

Kwa masharti mawili. La kwanza, awe na sauti katika hadithi. Ndiyo maana jina lake limo kati ya walioiandaa, pamoja na Lawrence Konner na Mark Rosenthal walioandika skripti. Suala la silaha za nyuklia lilitoka kwake, na alilimaanisha. La pili, Cannon wagharamie picha nyingine aliyotaka sana kuigiza, Street Smart. Hiyo ilitoka mwaka huo huo wa 1987, na ndiyo iliyompa Morgan Freeman uteuzi wake wa kwanza wa tuzo ya Oscar. Kwa hiyo anayesema mkataba ule haukuzaa kitu chochote kizuri anakosea.

Mwongozaji aliyechaguliwa, Sidney J. Furie wa Kanada, naye hakuwa mgeni wa kazi. Mwaka 1965 aliongoza The Ipcress File, picha ya ujasusi ambayo inasifiwa hadi leo kwa namna kamera yake inavyochungulia watu.

Kwa nini bajeti ikakatwa dakika za mwisho?

Kwa sababu Cannon walikuwa wamejitanua kupita uwezo. Walikuwa na picha karibu 30 jikoni kwa wakati mmoja, mwaka 1986 walikuwa wamenunua studio za Elstree pamoja na mtandao wa majumba ya sinema Uingereza, na mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilikuwa ikichunguza vitabu vyao vya hesabu. Superman akawekwa kwenye foleni moja na wengine na kupewa kilichobaki.

Dola milioni 17 hazikuwa haba kwa picha ya kawaida ya wakati ule. Lakini ile ya 1978 ilitumia kama milioni 55, na sehemu kubwa ya fedha na miezi ilikwenda kwenye jambo moja: kumfanya mtazamaji aamini kwamba yule mtu anaruka kweli.

Kwa nini Superman wa 1978 anaruka, na wa 1987 ananing'inia?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na tunalijibu kwa urefu.

Picha ya kwanza ilitumia njia kadhaa zikibadilishana, ili jicho lisipate muda wa kuzoea moja na kuigundua. Iliyo bora zaidi iliitwa Zoptic, ubunifu wa Zoran Perisic, na ilifanya kazi hivi. Nyuma ya mwigizaji kuna skrini iliyofunikwa kitambaa chenye chembe ndogo sana za kioo. Kitambaa hicho kina tabia ya kurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Ukitaka kukielewa, chukua jaketi la reflekta la bodaboda usiku, liweke mbali kidogo, washa tochi ukiishika pembeni mwa jicho lako: jaketi litawaka kama taa. Sasa sogeza tochi mbali na uso wako, na jaketi linafifia. Ni ufundi ule ule.

Mbele ya kamera kinawekwa kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu, kimelazwa nyuzi 45. Projekta inakaa ubavuni, inarusha picha ya mawingu au ya jiji kwenye kioo, kioo kinaigeuza kuelekea skrini, na skrini inairudisha moja kwa moja ndani ya lenzi ya kamera. Kwa kuwa projekta na kamera zinatazama kwa mstari mmoja, kivuli cha mwigizaji kinajificha nyuma ya mwili wake mwenyewe. Mawingu yale yanampiga pia usoni na kwenye nguo, lakini ngozi na kitambaa haviakisi kama skrini, na taa za studio zinayamaliza kabisa.

Uchawi wa Perisic uko kwenye lenzi. Projekta ina lenzi ya kuvuta (zoom), kamera nayo ina lenzi ya kuvuta, na zote mbili zimefungwa pamoja zigeuke kwa wakati mmoja. Projekta ikipunguza picha ya mawingu kwenye skrini, kamera inavuta karibu kwa kiasi kile kile. Kwa mtazamaji mawingu yanabaki ukubwa ule ule, ila mwigizaji anakua, anakua, kana kwamba anakuja kwako kwa kasi. Na mwigizaji mwenyewe hajasogea hata hatua moja. Ameshikwa kwa mkono wa chuma unaotokea nyuma yake, umejificha nyuma ya kiwiliwili, naye amelala kwenye ganda lililofinyangwa kwa umbo la mwili wake.

Mbinu hiyo inakula muda kwa sababu kila kitu kinategemeana. Kioo kikihama kidogo tu, ukingo mweusi unamzunguka mwigizaji. Lenzi mbili zikipishana, mawingu yanapumua, yanapanuka na kusinyaa. Taa ya mwigizaji ikiwa ya joto na mawingu yakawa ya baridi, anaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Unapiga, unasafisha filamu, unatazama, unarekebisha, unapiga tena. Walioifanya kazi ile mwaka 1978 ni Les Bowie, Colin Chilvers, Denys Coop, Roy Field, Derek Meddings na Perisic, na walipewa tuzo maalumu ya Oscar kwa pamoja.

Mwaka 1987 usimamizi wa ufundi wa picha ulikuwa kwa Harrison Ellenshaw, fundi aliyewahi kuchora mandhari za Star Wars. Ujuzi alikuwa nao. Alichonyimwa ni nafasi ya kurudia. Kazi nyingi ikaegemea waya na skrini ya bluu, na jaribio la kwanza au la pili ndilo likaingia kwenye picha.

Skrini ya bluu ina ubaya gani? Si ndiyo inayotumika hata leo?

Leo kompyuta inakata umbo la mtu punje kwa punje. Mwaka 1987 ilikuwa filamu, kemikali na mashine ya kunakilia. Unampiga picha mwigizaji mbele ya skrini ya bluu. Maabara inatoa kutoka hapo kivuli cheusi chenye umbo lake, na kinyume chake. Kivuli kimoja kinaziba sehemu ya anga atakapokaa, kingine kinaziba bluu inayomzunguka, na vyote vinapitishwa upya kwenye filamu mpya. Kila hatua ni nakala ya nakala. Ni kama kaseti ya muziki iliyorekodiwa kutoka kaseti nyingine, nayo kutoka nyingine: chenga zinaongezeka, rangi inapauka. Kivuli kikizidi umbo kwa unywele mmoja, unapata ule mstari mweusi unaomzunguka Superman katika picha ya nne.

Halafu kuna tatizo linalomhusu yeye peke yake. Superman anavaa bluu. Mbele ya skrini ya bluu, mwili wake unatoboka na mawingu yanaonekana kifuani. Mwaka 1978 walimshonea vazi jingine lililoelekea kijani-bahari kwa ajili ya matukio hayo, kisha rangi ikarudishwa bluu maabara. Kurudisha rangi huko ni kazi ya majaribio mengi, na ukiiharakisha, vazi linabadilika rangi kutoka tukio moja hadi jingine.

Na waya?

Waya ni nyembamba sana na huonekana pale tu mwanga unapozipiga. Zinafichwa kwa kupanga taa, kwa kuchagua mandhari isiyo tambarare nyuma yake, na kwa kuzifuta fremu moja moja. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo tukio la sekunde 10 lina fremu 240 za kufuta. Pasipo pesa, hazifutwi. Katika mapigano ya mwezini utaziona bila hata kusimamisha picha, na nyuma ya wapiganaji utaona mikunjo ya pazia jeusi lililotundikwa liwe anga.

Ni kweli tukio moja la kuruka limerudiwa mara nyingi?

Ni kweli. Superman anakuja usawa wa kamera, ngumi mbele, mpaka anaijaza skrini. Tukio hilo lilipigwa mara moja na kutumiwa tena na tena, wakibadilisha tu kilicho nyuma: anga, nyota, jiji. Ukitaka kuhakikisha, usitazame uso, tazama joho. Linavyojikunja begani na kupepea ni vile vile kila linaporudi.

Ile ni New York kweli?

Sehemu kubwa ni Milton Keynes, mji mpya wa Uingereza ulioanza kupangwa mwaka 1967, kaskazini-magharibi ya London. Studio zilikuwa Elstree. Jengo linalowekwa kama makao ya Umoja wa Mataifa ni kituo cha treni cha Milton Keynes Central, kilichofunguliwa mwaka 1982.

Tukio la Superman kwenda Umoja wa Mataifa ndilo linaloumiza zaidi. Kwenye skripti anatua katikati ya Mtaa wa 42 jijini New York na kutembea juu ya mistari ya njano ya barabara hadi mlangoni. Mtaa huo wenyewe unaishia kwenye makao halisi ya Umoja wa Mataifa, na umepita mbele ya jengo la Daily News ambalo picha ya 1978 ililitumia kama Daily Planet. Fikiria magari yamesimama, madereva wametoka, umati unazidi kila kona naye anatembea kimya. Kwenye picha tuliyopewa anatembea katika uwanja mpana wa Kiingereza, majengo mafupi ya vioo pembeni, watu wachache wamejipanga wakimfuata, msongamano wa magari hakuna. Reeve alieleza tukio hilo katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1998, na akasema hata wangekuwa na hadithi bora kuliko ile, wasingeweza kukidhi matarajio ya watu kwa hali hiyo.

Kwa nini hadithi inarukaruka?

Toleo la kwanza lililohaririwa lilikuwa na dakika 134. Baada ya kuonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, likapunguzwa hadi 90 hivi. Linganisha: ya kwanza ina dakika 143, ya pili 127, ya tatu 125.

Kilichopotea si mapambo. Kulikuwa na Nuclear Man wa kwanza, aliyeigizwa na Clive Mantle, kiumbe mzito mwenye akili ya kitoto anayeshindwa na Superman kabla Luthor hajatengeneza wa pili aliye bora. Tukio la kimbunga nalo likaondoka. Uhusiano wa Lacy na adui ukabaki na kidokezo kimoja tu: Nuclear Man anaona picha ya Lacy gazetini na papo hapo anamtaka. Jeremy, mtoto aliyeanzisha mambo yote kwa barua yake, anapotea katikati. Mtazamaji anahisi kuna mlango uliorukwa, na hisia yake ni sahihi.

Nuclear Man aliigizwa na nani? Mbona sauti yake inafanana na ya Luthor?

Mwili ni wa Mark Pillow, sauti ni ya Gene Hackman. Katika hadithi inaeleweka, kwa kuwa Luthor ndiye aliyemuumba.

Kanuni ya nguvu zake ni hii: anaishi kwa mwanga wa jua. Akiingia kivulini anazima kama taa. Hilo ni wazo zuri la adui, kwa sababu linampa Superman fumbo la kufumbua kwa akili. Ndiyo maana anamfungia kwenye lifti na kumpeleka mwezini. Mpango huo unaharibiwa na upenyo mdogo wa mlango unaopitisha jua, na adui anaamka. Tunalitaja kwa sababu ni moja ya mambo machache katika picha hii yaliyopangwa mwanzo hadi mwisho.

Ni mambo gani hayaingii akilini hata kwa picha ya Superman?

Lacy anabebwa hadi anga za juu, hana kofia, hana hewa, na anapumua. Ukuta Mkuu wa China unabomoka, Superman anautazama tu na matofali yanarudi mahali pake, nguvu ambayo hakuwa nayo katika picha yoyote kabla ya hapo. Ukishampa steringi nguvu mpya kila anapobanwa, mtazamaji anaacha kuwa na hofu.

La mwezi ni la ajabu zaidi. Superman anausukuma ulifunike jua ili adui azime. Wavuvi wa pwani yetu wangecheka, kwani bamvua wanalijua: maji yanajaa na kupwa zaidi mwezi ukiwa mchanga au mpevu, wala mwezi haujaguswa na mtu. Uko wastani wa kilomita 384,000 kutoka hapa. Usukume ghafla mpaka upande mwingine na bandari zote za dunia zingelipia. Picha haigusi suala hilo kabisa.

Je, wazo la amani lenyewe ndilo lililokuwa kosa?

Hapana, ila lina mtego. Miaka ile dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia zaidi ya 60,000, na hofu ilikuwa ya kweli. Desemba 8, 1987, miezi michache baada ya picha kutoka, Reagan na Gorbachev walitia saini mkataba wa kuondoa makombora ya masafa ya kati. Superman aliye kimya mbele ya hofu kama hiyo angekuwa shujaa wa namna gani?

Mtego ni kwamba akiweza kuzifuta silaha zote kwa alasiri moja, hadithi imekwisha. Picha inazifuta mapema mno, na hatuoni serikali yoyote ikimpinga, hatuoni jeshi lolote likificha hata kombora moja. Kisha inahamia kwenye ngumi na kulisahau swali, hadi hotuba ya mwisho ambapo Superman anakiri kwamba amani si zawadi ya kutolewa na mtu mmoja, lazima watu wenyewe waitake. Hotuba hiyo ni nzuri. Ilihitaji picha nzima ya kuifikia.

Reeve na Kidder walicheza vibaya?

Hata kidogo. Tazama tukio la Clark akiwa mgonjwa nyumbani kwake. Ulimwengu unaambiwa Superman huenda amekufa. Lois anakuja na joho lake jekundu mkononi, na anaanza kumwambia Clark maneno ambayo angependa kumwambia Superman kama angempata. Kidder hasemi kwamba anajua. Anamtazama tu kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na Reeve, amejikunyata, anapokea kila neno kwa macho bila kujifichua. Hakuna waya, hakuna skrini ya bluu. Ni watu wawili chumbani, na kwa dakika chache ile picha ya 1978 imerudi.

Kuna pia mlo wa jioni ambapo Lacy amemwalika Clark na Lois anamtarajia Superman, yeye ikimbidi awe wote wawili kwa kuingia huku na kutokea kule. Kichekesho cha zamani, ila Reeve anabadilisha mabega, sauti na mwendo kwa sekunde.

Muziki ni wa John Williams, yule wa picha ya kwanza?

Tuni kuu ni zake, na alitunga nyingine mpya kwa ajili ya Lacy, Jeremy na Nuclear Man. Aliyezipanga na kuongoza kazi ni Alexander Courage, yule aliyetunga muziki wa Star Trek. Sikiliza ghala la Smallville: muziki unafanya kazi ambayo picha haikuweza.

Iliingiza kiasi gani?

Kama dola milioni 5.7 wikendi ya kwanza Marekani, na jumla ya milioni 15.7 hivi nchini humo. Ile ya kwanza ilikuwa imeingiza kama milioni 134 huko huko. Kwenye tuzo za Razzie, zinazotolewa kwa kazi mbovu, iliteuliwa kwa ufundi mbaya wa picha na kwa Mariel Hemingway aliyekuwa Lacy.

Nizitazame kwa mpangilio gani, na toleo lipi?

Anza na ya 1978. Fuata na ya pili, ambayo ina matoleo mawili: lile lililotoka awali likiongozwa na Richard Lester, na lile la Richard Donner, mwongozaji wa ile ya kwanza, lililotolewa Novemba 2006. Chukua moja kwanza, jingine wiki nyingine, maana yanaanza na kuisha tofauti. Ya tatu unaweza kuiruka bila kupoteza uzi. Kwa ya nne, tafuta diski yenye matukio yaliyokatwa, ilianza kupatikana mwaka 2006 na yanafika karibu nusu saa. Yatazame baada ya picha, siyo kabla. Toleo rasmi la dakika 134 halijawahi kuuzwa. Anayekuuzia amekuunganishia mwenyewe.

Watoto wanaweza kuitazama pamoja nawe. Hakuna damu ya kutisha, na kwa kweli wadogo huifurahia kuliko sisi.

Naweza kutambuaje mapema kwamba mwendelezo utakuwa dhaifu?

Angalia nani anamiliki haki sasa na kama ni yule aliyetengeneza iliyopendwa. Angalia mafundi, siyo waigizaji peke yao: sura zinaweza kurudi zote na mikono ikawa mingine. Angalia urefu. Picha ikitangazwa ndefu halafu ikatoka fupi kwa nusu saa au zaidi, mtu ameingia na mkasi. Na trela ikionyesha tukio moja la kuruka mara tatu, huenda hawana la nne.

Nini kilifuata?

Superman hakurudi sinema hadi Juni 2006, Superman Returns, Brandon Routh akiwa steringi. Hadithi hiyo inaendeleza mambo ya picha mbili za kwanza na kuzipita ya tatu na ya nne kana kwamba hazikutokea. Reeve hakuiona, alifariki Oktoba 10, 2004.

Na yule kijana aliyekuwa Lenny, mwenye nywele zilizosimama na gari la kelele, ni Jon Cryer. Mwaka 2019 alirudi kwenye ulimwengu huo huo, safari hii katika tamthilia ya televisheni ya Supergirl, akiwa Lex Luthor mwenyewe.